Seti yangu ya kwanza ya spana: nilipofikia

Lengo ni kuwa na vifaa vya kuihudumia Toyota IST ya nyumbani bila kumsubiri fundi: kumwaga oili, kubadili plagi, kufungua tairi, baadaye breki. Bajeti ni shilingi 40,000 kila mwisho wa mwezi, basi.

Kabla ya kwenda dukani nililala chini ya gari na daftari, nikaandika namba za nati na bolti, yaani upana wa kichwa kwa milimita. Kumi zimejaa kila kona. Zinafuata 12, 14 na 17, halafu 21 za tairi. Bolti ya kumwagia oili ni 14. Hii orodha ndiyo iliyoniongoza kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, maana seti nyingi za bei nafuu zinaonekana kamili hadi uzisome namba. Gari la Kijapani hutumia kichwa cha 12 kwenye bolti yenye unene wa milimita 8, na 14 kwenye ya milimita 10. Wazungu kwenye hizo huweka 13 na 16 au 17, kwa hiyo unaweza kukuta boksi lenye 13 inang'aa na 12 haimo. Kwa IST boksi hilo halina kazi.

Nikaamua kununua moja moja. Spana za mitumba ni chuma kizuri kuliko mpya nyingi za bei hiyohiyo, ila zichunguzwe. Nilikwenda na bolti mpya za 10, 12 na 14 mfukoni, kila spana naivalisha bolti yake palepale mbele ya muuzaji. Ikicheza, naiacha hata kama ameshusha bei. Angalia pia kama ni ya inchi: 9/16 ni milimita 14.29, inaingia kwenye 14 vizuri tu, kisha siku nati imekaza inakula pembe zote. Na maandishi ya "chrome vanadium", yaani aina ya chuma kigumu, peke yake hayanitoshi, kuchonga maandishi hakuna gharama.

Soketi nimechukua za pembe sita badala ya kumi na mbili. Zinashika nati ubapani, na kwa magari yaliyokaa Dar, nati zikiwa na kutu, tofauti utaiona. Racheti, yaani mkono wa kuzungushia soketi, ni ya nusu inchi. Kwa plagi nimenunua soketi ndefu ya 16 yenye mpira ndani pamoja na mkono wa kurefushia, kwa sababu plagi za injini hii zimezama shimoni chini ya koili zinazozipa umeme. Koili zenyewe zinafunguka kwa 10.

Spana malaya, ile ya kurekebisha upana, sijainunua. Kila mtu ananiambia niwe nayo, nami naona fedha hiyo ni ya 17 nzuri.

Mahali nilipokataa kabisa kubana ni stendi za kuegemezea gari. Mwezi mzima wa bajeti uliishia hapo, na ningefanya hivyo tena. Jeki ni ya kuinua. Mpira wake wa kuzuia oili (seal) ukivuja, gari linashuka, na tofali la saruji ambalo watu huliweka chini hupasuka ghafla bila dalili. Mtu akiniuliza aanze na nini, namwambia stendi kabla ya racheti.

Nyundo, bisibisi na plaizi nilizipata kwa mjomba, bure.

Upepo wa bahari hauna huruma na chuma. Baada ya kazi nafuta kila kipande kwa kitambaa chenye oili ya cherehani, kisha nakiviringisha kwenye turubai.

Oili na plagi tayari nimebadili mwenyewe. Kilichobaki ni spana ya kupimia mkazo; nati za tairi za gari hili zinakazwa nyutoni-mita 103, na sitaki kuzikadiria kwa mguu. Hiyo inazidi mwezi mmoja, kwa hiyo naweka za miezi miwili, halafu naingia breki za mbele.