Luksi 500 juu ya buibui jeusi

Fundi cherehani wa Ngamiani, hapa Tanga, akisema taa haimtoshi, jibu analopewa kwa kawaida ni kununua balbu ya wati nyingi zaidi. Wati ni umeme unaoliwa na taa, basi. Mwanga wote unaotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni, na balbu ya LED ya wati 9 hutoa karibu lumeni 800. Lakini kazi iko mezani, na pale kipimo ni luksi: lumeni ngapi zimeangukia kila mita moja ya mraba.

Umbali ndio mwamuzi mkubwa. Chukua balbu inayotoa kandela 100 kuelekea chini (kandela ni kipimo cha nguvu ya mwanga unaoelekea upande mmoja). Ikining'inia mita 2 juu ya meza, unagawa 100 kwa 2 mara 2, unapata luksi 25. Ishushe hadi mita 1 inakuwa 100. Nusu mita, 400. Balbu ni ileile na uniti za umeme wa LUKU zinaliwa vilevile. Viwango vya Ulaya vya taa za kazini vinataka luksi 750 kwa kushona, kwa hiyo balbu moja ya darini haiwezi kufika hata uifute vumbi kila siku. (Mgawanyo huo unakubali pale tu umbali unapokuwa angalau mara tano ya ukubwa wa taa. Tyubu ya futi nne iliyo karibu na meza haiufuati.) Mwanga unaokuja kwa mshazari nao hutanda eneo kubwa zaidi: ukiinama nyuzi 60 kutoka wima, unabaki nusu.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu, ila kunataka utulivu. Futa kikombe cheupe cha kipima mwanga, kifunike uone kama kinasoma sifuri, kisha kilaze kwenye bamba la cherehani, pale sindano inaposhukia. Usikishike mkononi ukikiinamisha kuelekea taa. Hapo utakuwa unapima taa, si meza. Rudi nyuma, maana kivuli chako hupunguza namba na shati jeupe huiongeza. Tyubu ipe dakika kumi iwake sawasawa. Mchana pima taa ikiwaka, izime upime tena, halafu toa: tofauti ndiyo mchango wa taa. Simu inafaa kulinganisha sehemu mbili za meza, lakini namba yake usiiamini sana, kwa sababu sensa yake, yaani kihisi cha mwanga, imejificha nyuma ya kioo na mwanga wa pembeni hauipati vizuri.

Sasa lije jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha malalamiko. Kipima mwanga kinasoma mwanga unaofika. Jicho linaona ule unaorudi. Tandika kanzu nyeupe chini ya luksi 500: kitambaa kikirudisha asilimia 80, zidisha 500 kwa 0.8, gawa kwa 3.14 (pai, kwa kuwa kitambaa husambaza mwanga pande zote), unapata kandela 127 kwa mita ya mraba, ambacho ndicho kipimo cha ung'avu unaoonekana na jicho. Toa kanzu, weka buibui jeusi linalorudisha asilimia 5, na jicho linapata 8 tu. Luksi hazijabadilika hata moja, ila uzi mweusi umezama kwenye mshono mweusi na fundi anasogeza pua hadi kwenye sindano. Analalamika kwa haki. Ndiyo maana wengi hutoa cherehani barazani, ambako kivulini mchana kweupe kipimo husoma maelfu ya luksi.

Kiasi kinachorudi unaweza kukikadiria kwa kifaa hichohicho. Tandaza kitambaa eneo pana, soma luksi sensa ikitazama juu, kisha igeuze ikitazame kitambaa kwa umbali wa sentimita 20 hivi bila kukitia kivuli. Gawa namba ya pili kwa ya kwanza.

Hesabu hiyo ni ya kitambaa kisichong'aa. Buibui la satini hurudisha mwanga upande mmoja kama kioo, na kuongeza taa mbele ya fundi kunaongeza mng'ao tu. Taa ndogo iwekwe ubavuni, upande wa kushoto, karibu na sindano, izungushwe taratibu mpaka mng'ao uondoke machoni na kila mshono utoe kivuli chembamba. Kisha pima upya palepale kwenye bamba, kwa sababu kwa kuizungusha umebadilisha pembe na luksi zimeshuka. Kama zimepungua mno, isogeze karibu badala ya kuirudisha mbele.