Siku ya 14 si ya kila mwanamke

Wengi wameishika siku ya 14, wakihesabu tangu hedhi ianze, kama amri ya siku yai linapotoka. Hesabu hiyo humfaa zaidi mwenye mzunguko wa siku 28, na hata yeye si kila mwezi. Kinachoyumba hasa ni nusu ya kwanza, kabla yai halijapevuka. Yai likishatoka, hedhi hufuata baada ya wiki mbili hivi. Mwenye mzunguko wa siku 35 basi, yai lake hutoka karibu na siku ya 21.

Yai huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za kiume zikikuta ute mzuri ukeni huweza kukaa hadi siku 5, kwa hiyo tendo la Jumatatu linaweza kutunga mimba Ijumaa. Anayesubiri "siku yenyewe" mara nyingi huwa amechelewa.

Ute ndio unaotangulia kusema. Uchukue kwa karatasi ya chooni kabla ya kukojoa, ubane kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha vitenganishe taratibu. Ukikatika upesi, mzito kama krimu, bado. Ukivutika kama uzi, angavu na wenye utelezi mfano wa ute wa yai bichi la kuku, siku za kushika mimba zimefika. Shahawa zilizobaki au maambukizi ukeni hupotosha kipimo hiki.

Kipimajoto cha alfajiri, kabla ya kuinuka kitandani, huonyesha ongezeko la nyuzi 0.2 hadi 0.5, lakini yai likiwa limeshatoka. Na homa au usingizi wa mang'amung'amu huvuruga namba hizo.