Mimi ni fundi friji, na hivi ndivyo Google ilivyoanza kuniletea kazi

Natengeneza friji na AC, fremu yangu iko Sinza, Dar es Salaam. Miaka yote wateja nimeletewa na midomo ya watu: muuza genge anamwambia shoga yake, mlinzi wa ghorofa anampa namba mpangaji mpya. Njia hiyo siidharau hata leo. Ila aliyehamia Kijitonyama juzi hana anayemjua. Samaki wameanza kulainika kwenye friza, anashika simu na kuiuliza Google. Huyo ndiye niliyemtaka.

Instagram nilikuwa nayo. Video ya kompresa ikikatwa inapendwa kweli, lakini wanaoipenda wengi ni mafundi wenzangu au watu wa Mwanza. Anayeandika "fundi friji Sinza" hatafuti burudani.

Nilianza na kisicholipiwa, yaani wasifu wa biashara kwenye ramani ya Google. Uthibitisho ulikuwa wa video: nikarekodi barabara, kibao, mtungi wa gesi na vifaa mezani. Google wenyewe wanasema matokeo ya jirani hupangwa kwa mambo 3: biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali, na inavyojulikana. Umbali sina la kuufanya, fremu haihami. Jina nikaliacha kama lilivyo kwenye kibao. Wapo wanaojibandika "fundi bora wa friji bei nafuu Dar" kama ndilo jina. Hilo limekatazwa, na wasifu unaweza kusimamishwa.

Tovuti alinitengenezea kijana wa steshenari ya jirani. Sharti langu lilikuwa wepesi. Mteja yuko kwenye simu, bando linakata. Ukurasa ukizungukazunguka anampigia fundi anayefuata. Namba ikawekwa juu kabisa, ukiigusa inapiga, na kitufe cha WhatsApp chini yake.

Maneno ndiyo tuliyovutana. Alikuwa ameandika "Tunatoa suluhisho za kitaalamu za ubaridi." Nikamwambia, mdogo wangu, hakuna aliyewahi kunipigia akiomba suluhisho za ubaridi. Nikamfungulia meseji za wateja: "friji inawaka taa ila haigandishi", "AC inamwaga maji ndani", "juu inagandisha chini hakuna baridi". Kila tatizo likapewa ukurasa wake, kwa maneno hayohayo.

Unaoleta simu nyingi ni huo wa mwisho. Kwenye friji zisizojaza barafu, mara nyingi baridi hutengenezwa upande wa friza, kisha feni huisukuma kwenda chini. Hita ya kuyeyusha barafu ikiungua, koili, yaani mabomba yanayotengeneza baridi, linafunikwa na barafu na hewa haipiti. Nimeandika wazi: chomoa friji, acha milango wazi kutwa nzima, kisha iwashe. Baridi ikirudi halafu ikapotea tena baada ya siku kadhaa, huenda shida si gesi, usikubali kujaziwa kabla haijapimwa. Wenzangu walinicheka, eti nawafundisha wateja, nitakula nini? Kumbe watu wanafanya hivyo, baridi inarudi, inapotea, na wananipigia mimi. Wakinipigia hatubishani tena.

Haikuja haraka. Mwongozo wa Google unataja miezi 4 hadi mwaka kabla ya kuona faida, na unasema hakuna awezaye kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Ndiyo maana jamaa aliyekuja kuniuzia "namba moja ndani ya wiki" nilimnunulia soda tukaagana vizuri.

Yule kijana wa tovuti naye alitaka tunakili kurasa zilezile tubadilishe jina tu: Kigamboni, Mbagala, Bunju. Nikakataa. Google inahesabu huo kuwa ujanja, na hata ningepata kazi Bunju, foleni ingekula faida yote. Tukaandika Sinza, Mwenge, Kijitonyama na Ubungo, ninakofika kwa bodaboda na mkoba wangu.

Kuhusu maoni ya wateja kwenye Google, nikimaliza kazi natuma kiungo: "Mama, ukiridhika niandikie pale ulivyoona." Zawadi sitoi, hairuhusiwi. Mtu akiandika kwamba nilimbadilishia feni Mwenge usiku, hiyo kwangu inazidi nyota tupu.

Joto la Desemba hadi Machi ndilo msimu wa AC, kwa hiyo ukurasa wa kusafisha AC naupitia upya Oktoba, Google iwe imeshausoma.

Kila anayepiga namuuliza namba kaipata wapi, naandika kwenye daftari pembeni ya kazi yake. Za majumbani nyingi sasa zimeandikwa Google. Za ofisi na hoteli bado zinatoka kwa watu wanaonijua, na kwa hizo navaa shati safi naenda kujitambulisha mwenyewe.