Ninyi mnauza, sisi ndio tunafunga

"Dada, ninyi mnauza, sisi ndio tunafunga."

Hakusema kwa ubaya. Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa choo cha wageni, ambako tanki la kuflashi lililo ndani ya ukuta lilikuwa linavuja, nyundo na tindo viko kwenye begi, na mimi nilikuwa nimetoka kumwambia kwamba dirisha la kuingilia liko nyuma ya kibao cha vitufe, ukuta hauguswi. Akatabasamu, akasema maneno yake hayo, kisha akamgeukia mume wangu: "Mzee, tukivunja leo, keshokutwa tunabandika vigae." Wiki hii mama mkwe kaja kutoka Sengerema, kavuka daraja la Kigongo–Busisi kwa mara ya kwanza na bado analisimulia, na Jumamosi tumemuaga mdogo wangu kwa sendofu ya watu wengi; lakini nikishika mwiko au nikifunga hesabu za duka, kinachonirudia kichwani ni sentensi ile. Ninyi mnauza.

Nauza, ndiyo. Na kwa kuwa nauza, kila kifaa cha choo kinachoingia dukani kwangu pale Nyakato, Mwanza, nakifungua, nakitenganisha na kukirudisha, maana mteja akiniuliza mpira gani unaingia wapi siwezi kumjibu kwa kukisia.

Tanki lenyewe ni la aina hii: liko ndani ya ukuta, sinki la choo limening'inia bila mguu, kinachoonekana ni kibao tu chenye kitufe kikubwa cha lita 6 na kidogo cha lita 3. Lilianza kujijaza lenyewe usiku. Mchana hatukusikia kitu. Watu wakilala matumizi ya maji hupungua, presha kwenye bomba la mtaa inapanda, na sisi tuliojenga chini ya kilima tunaipata yote: kila mita 10 za kimo kutoka kwenye tanki la juu ni karibu bari 1. Valvu ya kuingiza maji iliyochoka inaweza kushika vizuri mchana na kuanza kupitisha saa nane za usiku. Ndiyo maana kabla ya kumlaumu mtu au mpira, pima kwanza.

Kupima hakuhitaji fundi. Kausha ukuta wa ndani wa sinki, upande wa nyuma ambako maji hushukia, bandika kipande cha karatasi ya chooni, usiflashi kwa nusu saa. Karatasi ikilowa, maji yanapita ndani ya sinki. Ikibaki kavu huku sakafu au grauti ya chini ina unyevu, tatizo ni la nje: mara nyingi mpira wa kiungo kati ya bomba la flashi na sinki, na hapo unafungua nati mbili zinazoshika sinki ukutani na kulivuta mbele. Hata hapo ukuta hauvunjwi. Nyundo inabaki kwa tanki lililopasuka au kiwiko cha bomba kilichofukiwa vibaya wakati wa ujenzi, na hayo ni machache.

Letu karatasi ililowa. Basi toa kibao: vingi vinasukumwa kutoka chini kwenda juu mpaka vishikizo viachie, vingine vina skrubu ndogo chini yake. Usichokonoe kwa bisibisi, vishikizo ni vya plastiki na vikikatika kibao hakikai tena. Nyuma yake kuna vijiti viwili vya kusukumia, kimoja cha kila kitufe. Hapa ndipo ningependa kila mtu asimame kidogo. Vijiti vikiwa virefu kupita kiasi, kibao kikirudishwa vinabonyeza flashi, yaani kifaa cha ndani kinachoachia maji yashuke kwenye sinki, muda wote, haiketi sawasawa, na maji yanavuja ingawa kila kitu kingine ni kizima. Kwa hiyo ukishatoa kibao, subiri. Uvujaji ukikoma wakati kibao kiko mkononi, huna cha kununua. Fupisha vijiti kwa kuvizungusha mpaka vitufe viwe na mchezo wa milimita moja au mbili.

Kwetu haukukoma. Nikatoa ubao wa plastiki wa ndani, nikaweka alama ya penseli kwenye usawa wa maji, nikafunga koki ndogo iliyomo humo humo ndani ya tanki. Hatua hii ndiyo inayotenganisha wagonjwa wawili. Koki ikiwa imefungwa na maji yakashuka chini ya alama, mpira wa kitako cha flashi haushiki. Yakibaki palepale, na kabla ya kufunga koki yalikuwa yanamwagikia kwenye mdomo wa bomba la kuzidi, lile linaloshusha maji ya ziada kwenye sinki, basi ni valvu ya kuingiza au boya lake. Yetu yalishuka. Tanki la upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 12 hupoteza karibu nusu lita kwa kila sentimita 1. Likishuka sentimita 1 kila nusu saa, ni lita 24 kwa siku, zaidi ya lita 700 kwa mwezi. Ndoo 36 za lita 20 zinapita kimyakimya, na bili inazihesabu.

Kutoa flashi kupitia lile dirisha ni kazi ya mkono mmoja na subira. Flashi kwanza tanki liishe. Fungua hozi ya valvu ya kuingiza kwa vidole, toa valvu, toa fremu yenye mikono ya kunyanyulia, kisha shika flashi yenyewe: nyingine unabana masikio mawili, nyingine unazungusha robo mzunguko, halafu unainyanyua na kuilaza ili ipite. Piga picha kwa simu kila unapotoa kitu. Chini yake kuna duara la mpira bapa. La kwetu lilikuwa na mfereji mwembamba kuuzunguka wote, na ndani ya mfereji punje za mchanga zimejipanga.

Punje zile ndizo hadithi ya maji yetu. Maelekezo mengi yanayotoka nje yanasisitiza kuondoa chokaa ya maji kwa siki, na kwa mtu wa Dodoma mwenye kisima ni sahihi. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, chokaa yake kidogo. Kinachotuumiza huku ni mchanga, kutu na tope linalokuja maji yanaporudi baada ya kukatika. Siku hiyo fungua bomba la uani kwanza, liache mpaka maji yang'ae, ndipo ufungue ya chooni. Na kila uendapo humo ndani, toa kichujio kidogo kwenye mdomo wa valvu ya kuingiza, kisuuze.

Nilisafisha kikalio, pale mpira unapokaa, kwa kitambaa laini, siyo msasa, kwa sababu mkwaruzo mmoja unatosha kuwa njia ya maji. Tope la chini nikalitoa kwa sponji. Mpira mpya chukua kwa kipimo cha nje, cha ndani na unene. Ukikosa siku hiyo, ule wa zamani ukiwa bapa pande zote unaweza kuugeuza, utakusogeza kwa muda. Paka grisi ya silikoni kidogo sana. Mafuta ya mgando hapana, yanavimbisha mpira. Hozi ibane kwa vidole tu, ina washa yake ndani, tepu nyeupe haina kazi pale. Usawa wa maji uache sentimita 2 hivi chini ya mdomo wa bomba la kuzidi. Karatasi ikabandikwa tena, ikabaki kavu mpaka asubuhi, na mume wangu akaja nayo jikoni kunionyesha akiwa ameishika juu. Nilifurahi sana.

Furaha hiyo ikanipeleka kwa jirani yangu mjane. Kwake walivunja. Vigae vya aina ile havipatikani tena madukani, sasa ukuta wa choo chake una kiraka cha rangi nyingine, na alilipia siku za kazi, saruji na vigae kwa ajili ya mpira unaoenea kwenye kiganja. Nikiwaza hivyo, hasira yangu kwa yule kijana ikageuka. Yeye kafundishwa matanki ya juu ya sinki, unanyanyua mfuniko unaona yote. Haya ya ukutani aliyakuta yameshafunikwa. Nani alimwonyesha? Sisi tunaouza tunakabidhi boksi na risiti. Nimempigia, nimemwambia nina tanki la maonyesho dukani, aje tulifungue pamoja, na aje na wenzake. Akasema, "Sawa dada, nitapita." Nataka apite kweli.

Tanki limetulia; kinachoninyima usingizi sasa ni jiwe lililo juu ya nyumba ya jirani wa nyuma. Mvua ya juzi imechimba udongo chini yake upande wa bondeni, mkono unaingia mpaka kwenye kiwiko, na watoto wanacheza papo hapo. Kesho kabla ya kufungua duka nakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa.