Gauni la sendofu lililonikaa sawasawa

Dukani waliniletea gauni kubwa kuliko yote waliyokuwa nayo, likakwama mapajani. Saizi yangu ilikuwepo kwenye madera tu. Dera nalipenda, lakini kwenye sendofu ya mdogo wangu nilitaka kupendeza hasa.

Nikaenda Kariakoo, nikanunua krepu nzito ya zambarau, mita 4, na bitana ya pamba. Nikamwomba fundi apime pia unene wa mkono wa juu, na urefu kutoka begani hadi kiunoni. Hapo ndipo nguo za dukani hutuonea: wanaongeza upana wa tumbo, mkono unabaki mwembamba vilevile. Akakata vipande virefu kutoka begani hadi chini, zipu akaificha ubavuni. Nikajaribisha mara 2 kabla hajatia bitana.

Nilicheza mpaka saa 8 usiku, halikunibana popote.