Kufuli la Kisima

Wapendwa katika Kristo, wiki hii tusome Kutoka 16, na tusiishie kwenye muujiza. Mana kushuka tunakupenda sote. Aya ya 16 hadi 20 ndizo tunazozipita haraka. Agizo lilikuwa pishi moja kwa kila kichwa, kwa hesabu ya waliomo hemani. Aliyeokota nyingi hakuzidishiwa, wala aliyeokota chache hakupungukiwa. Waliobakiza hadi asubuhi wakakuta mabuu na uvundo. Chakula hakikuwa kimepungua siku ile. Waliogopa tu kwamba kesho hakitakuwepo.

Hofu hiyo sisi wa uwanda wa Makonde tunaijua. Huku juu, Newala na Tandahimba, mtoto anakua akisikia "maji hakuna". Lakini mvua inanyesha, tena ya kutosha kuotesha mihogo na kustawisha mikorosho. Kichanga chetu huinywa, maji yakazama chini sana, yakaja kutokea miguuni mwa mlima kama zile chemchemi za Ndanda. Maji ya Mitema, kule bondeni, tunayasukuma kwa mashine yapande tena kutufuata. Yalitupitia mikononi.

Nani aliyadaka? Mwenye bati, mfereji na kisima cha saruji uani. Nyumba ya pili bibi anakaa chini ya nyasi. Mvua ile ile imelipiga paa lake ikaishia mchangani. Ikifika Septemba kisima cha jirani kina mfuniko, mfuniko una kufuli, na bibi yuko njiani na ndoo kichwani. Mathayo 5:45 inasema Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Mvua iligawiwa kwa wote. Saruji haikugawiwa.

Sisemi kiu ya kiangazi ni mawazo. Anayeamka saa tisa usiku kupanga foleni bombani hahitaji kuhubiriwa. Ninachokiogopa ni lile neno "hakitoshi" likisemwa na sisi tulioshiba. Likishatamkwa mazungumzo yamekwisha, na hakuna anayeulizwa amechukua kiasi gani. (Na mabibo je? Kila msimu tunang'oa korosho, tunda lenyewe tunaliachia nzi chini ya mti, kisha tunawanunulia watoto juisi ya dukani.)

Fedha za korosho zinaanza kuingia, na mvua bado hazijafika. Tukikutana jumuiyani wiki hii, kabla ya sala tuzitaje nyumba zisizo na bati wala kisima, moja moja, kwa majina ya wenyewe. Mafundi waashi tunao humu humu. Kila familia iliyouza iseme inatoa mifuko mingapi ya saruji. Na mwenye kisima chenye kufuli, aseme mbele ya wenzake ni nani mwingine atakayepewa ufunguo.