Bustani ya Bonde la Msimbazi: tuulize mapema
Majirani wa Magomeni na Jangwani hapa Dar es Salaam, habari za jioni. Leo nimepita bondeni. Nyumba zilizovunjwa kupisha mradi wa Msimbazi zimebaki misingi na vipande vya kuta; kimoja bado kina ile alama ya X nyekundu ya kubomolewa. Mpango ni mto upanuliwe, pawe na bustani ya jiji, na maji ya masika yasitufungie tena Barabara ya Morogoro. Naunga mkono kwa moyo wote, mafuriko yametutesa mno! Ila mama ntilie na mafundi gereji waliokuwa wakitafuta riziki pale, watapewa nafasi? Watoto wetu wataingia bure? Kikao cha mtaa kikiitishwa, tujitokeze tuulize haya kabla ujenzi haujafika mbali.